Bwana Shamba Anazungumza: Kalenda ya njia zako mwenyewe

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi maharage yasiliwe na fukusi. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kalenda. Najua utasema, "Bwana Shamba ameishiwa maneno." Ngoja kwanza.

Katika nyumba nyingi ninazotembelea, naona kalenda ukutani. Kalenda hiyo imetoka dukani, au ilitolewa bure na kampuni ya mjini. Ina picha ya gari, au picha ya milima yenye theluji ya nchi za mbali. Picha ni nzuri. Lakini nikisogea karibu, naona kalenda ni ya miaka mitatu iliyopita. Imebaki pale kwa ajili ya picha tu.

Mimi natengeneza kalenda yangu mwenyewe. Picha zake ni za njia ninazopita kwa miguu. Nilianza na kalenda ya mwaka 2024, na sijaacha. Leo nitakueleza jinsi ya kuitengeneza. Nitakueleza pia jinsi ilivyonigombanisha na mzee mmoja.

Kazi yangu iko katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Mji wa Lushoto uko kama meta 1,400 juu ya bahari. Gari hupanda kutoka Mombo, hupita Soni, kisha hufika Lushoto. Lakini mashamba mengi hayafikiwi na gari. Lazima upande na kushuka kwa miguu. Watalii hutoka mbali sana, wakalipa fedha ili watembee siku kadhaa kutoka Lushoto mpaka Mtae. Wanasimama kila kona wakipiga picha. Sisi tunapita njia hizo hizo kila siku, jembe begani, na hatuangalii. Nasema kweli, hata mimi sikuwa naangalia. Nilikuwa nahesabu saa tu.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 binti yangu alinipa simu yake ya zamani. Kioo chake kimepasuka, lakini kamera ni nzima. Nikaanza kupiga picha njiani. Mwisho wa mwaka nilikuwa na picha nyingi, na nyingi hazikufaa. Baadhi zilionyesha kidole changu.

Basi jifunze kutokana na makosa yangu. Kwanza, chagua mahali pachache. Mimi nina mahali panne. Pa kwanza ni ukingo wa mlima upande wa Irente. Ukisimama pale unaona nyika yote chini. Pa pili ni chini ya mkuyu, karibu na kijito. Pa tatu ni kona inayotazama bonde la mashamba ya kabichi na karoti. Pa nne ni mteremko wenye korongo. Huo mteremko tutaurudia.

Kila mwezi piga picha mahali palepale. Weka alama ili usipasahau. Mimi nimeweka jiwe jeupe. Ukisimama penye jiwe, ukaelekeza simu upande uleule, picha zitaweza kulinganishwa. Mwezi Aprili nyika ile ya chini huwa kijani. Mwezi Septemba huwa ya rangi ya ngozi ya simba. Mwezi Julai huoni nyika wala bonde. Unaona ukungu tu, na mtu mmoja aliyejifunika blanketi. Hiyo nayo ni picha nzuri ya Julai, maana ndivyo Julai ilivyo kwetu.

Piga picha asubuhi au jioni. Saa sita mchana jua huwa kali, na picha hutoka nyeupe bila vivuli. Jua liwe nyuma yako. Shika simu kwa ulalo, si kwa wima, kwa sababu mlima ni mpana. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Simu inayokaa mfuko mmoja na tumbaku haiwezi kutoa picha safi.

Weka kitu cha kupimia ndani ya picha. Jembe linafaa sana. Kila mtu anajua ukubwa wa jembe. Jiwe likipigwa picha peke yake, mtu hajui kama ni la kukalia au la kujengea.

Na mtu akiwa ndani ya picha, mwombe ruhusa kwanza. Mtoto akiwamo, mwombe mzazi wake. Ukitaka kuingia ndani ya msitu wa hifadhi, kama ule wa Magamba, pata kibali kabla ya kuingia. Wakati wa mvua usisogee ukingo wa korongo kwa ajili ya picha. Udongo ulioloa hukatika bila kukuambia.

Sasa tuje kwenye kuchapisha. Peleka picha studio mjini. Omba zenye ukubwa wa postikadi, yaani sentimeta 10 kwa 15. Uliza bei kabla hawajaanza. Usiwatumie picha kwa WhatsApp ukaridhika, kwa maana mara nyingi picha hupunguzwa njiani, na ikichapishwa haionekani vizuri. Ni bora uende na simu yenyewe, wazitoe kwa waya. Ukienda, zihifadhi pia mahali pengine. Mwaka 2024 simu yangu ilitumbukia kijitoni, na picha zote za Juni zikaenda na maji. Karatasi ya Juni ya mwaka uliofuata nilibandika picha ya mbuzi wa jirani.

Kama huna fedha za picha 12, chapisha nne tu. Moja ni ya kiangazi cha Januari na Februari, wakati pichi na plamu zinapoiva. Ya pili ni ya masika. Ya tatu ni ya kipupwe. Ya nne ni ya vuli. Kila picha itakaa ukutani miezi mitatu. Hakuna atakayekucheka.

Nunua karatasi tatu za manila, zile wanazotumia walimu. Kata kila moja vipande vinne. Umepata kurasa 12. Juu ya ukurasa bandika picha. Chini chora visanduku kwa rula na penseli. Chora visanduku saba kwenda upande, kwa siku saba za juma. Chora mistari saba kwenda chini. Mstari wa juu ni wa majina ya siku. Gundi unaweza kupika kwa unga wa muhogo na maji, kama uji mzito. Lakini mende wanaipenda gundi hiyo kuliko wewe. Ukiweza, nunua ya dukani.

Siku ya kwanza iwe ipi? Mimi naanza na Jumamosi, kwa sababu jina lenyewe linasema mosi. Inafuata Jumapili, yaani ya pili, halafu Jumatatu. Wengine huanza na Jumatatu, wengine Jumapili. Anza unavyotaka, lakini usibadilishe katikati ya mwaka.

Sasa hesabu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi ni mmojawapo. Kunja ngumi ya mkono wako. Tazama vifundo vinne vilivyotokeza, na mabonde matatu katikati yake. Kifundo cha kwanza ni Januari. Bonde linalofuata ni Februari. Kifundo cha pili ni Machi. Bonde ni Aprili. Endelea hivyo mpaka Julai, ambayo iko kwenye kifundo cha mwisho. Kisha rudi kifundo cha kwanza, useme Agosti. Miezi ya vifundo ina siku 31. Miezi ya mabonde ina siku 30. Februari peke yake ina siku 28, na kila baada ya miaka minne huwa na siku 29.

Tuchukue mwaka 2027. Mwaka huo unaanza siku ya Ijumaa. Basi tarehe 1 Januari iweke katika kisanduku cha Ijumaa. Jumamosi itakuwa tarehe 2. Endelea mpaka tarehe 31, ambayo itakuwa Jumapili. Kwa hiyo Februari inaanza Jumatatu. Februari ya 2027 ina siku 28, yaani juma nne kamili. Kwa hiyo Machi nayo inaanza Jumatatu. Ukienda hivyo bila kosa, tarehe 31 Desemba 2027 itakuwa Ijumaa. Hiyo ndiyo njia ya kujisahihisha. Mwaka wa siku 365 huanza na kwisha siku ileile ya juma. Ukiona mwaka wako umeanza Ijumaa ukaisha Alhamisi, rudi nyuma utafute kosa.

Mwaka mrefu, wenye siku 366, huisha siku moja mbele. Mwaka 2028 utakuwa mrefu. Utaanza Jumamosi na utaisha Jumapili.

Mwaka 2024 nao ulikuwa mrefu. Mimi nilisahau. Niliandika Februari siku 28, nikaendelea. Tarehe zote kuanzia Machi zikawa siku moja nyuma. Kalenda yangu ilipendeza sana, na nyumbani wote waliiamini. Mke wa mwanangu aliambiwa ampeleke mtoto kliniki tarehe 6 Machi. Akaangalia kalenda ya baba mkwe, akaona tarehe 6 ni Jumanne. Akabeba mtoto mgongoni, akatembea saa mbili. Kule akaambiwa, "Mama, leo ni tarehe 5. Rudi kesho." Akarudi nyumbani, na Jumatano akatembea tena saa mbili. Hakunigombeza. Alinisalimia, "Shikamoo baba," akaweka chakula mezani, akanyamaza. Ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo mwombe mtu mwingine asome kalenda yako kabla hujaitundika. Mtoto wa darasa la nne anatosha. Yeye hakuogopi kama unavyofikiri.

Ukimaliza tarehe, andika sikukuu kwa wino mwekundu. Mapinduzi ni tarehe 12 Januari. Muungano ni tarehe 26 Aprili. Sabasaba ni tarehe 7 Julai. Nanenane, sikukuu yetu wakulima, ni tarehe 8 Agosti, na mwaka 2027 itaangukia Jumapili. Siku ya Mwalimu Nyerere ni tarehe 14 Oktoba. Uhuru ni tarehe 9 Desemba. Pasaka ya mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi. Sikukuu za Idi ziandike kwa penseli, kwa sababu hutegemea kuandama kwa mwezi. Kisha acha nafasi ndani ya kila kisanduku. Mvua ikinyesha, andika "mvua". Ukipanda, andika "mahindi", au "viazi". Ng'ombe akipandwa, andika. Kalenda ya dukani haina nafasi hiyo.

Toboa matundu mawili juu, funga kamba ya katani. Tanga hatukosi katani. Itundike sebuleni, mbali na moshi wa jikoni.

Sasa turudi kwenye ule mteremko wenye korongo.

Mwezi Aprili 2023 nilipiga picha ya korongo lile nikiwa nimelaza jembe juu yake. Mpini wa jembe langu una urefu wa karibu meta moja. Ulifika ng'ambo. Ncha zote mbili zililala juu ya udongo. Mwisho wa mwaka huo zilikuja mvua kubwa za El Niño. Ndizo mvua za mwezi ule wa Desemba 2023 ambapo matope ya mlima Hanang yaliwafunika watu kule Katesh. Masika ya 2024 nayo yalikuwa makubwa. Aprili 2024 nikarudi penye jiwe langu jeupe, nikalaza jembe lilelile. Ncha moja ilibaki hewani.

Nikatengeneza kalenda ya mwaka 2025. Ukurasa wa Aprili niliweka picha mbili pamoja, ya 2023 juu na ya 2024 chini. Nilifurahi. Nilisema moyoni, hapa hapahitaji hotuba. Nikaitundika katika ofisi ya kijiji ili kila mtu aone.

Mwenye shamba lile ni mzee. Ameanza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Siku moja Aprili alikuja ofisini, akasimama mbele ya kalenda muda mrefu. Watu walikuwapo. Kijana mmoja akacheka. Mzee akanigeukia.

"Bwana Shamba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mzee."

"Mbona umenitundika ofisini kama mtu anayetafutwa?"

Nikamwambia kwamba jina lake halikuandikwa, na kwamba ule ni udongo tu. Akajibu, "Udongo ule una mwenyewe." Akachukua fimbo yake akaondoka.

Nilibandua ukurasa ule siku hiyohiyo. Jioni nikaenda kwake. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikampa ukurasa wenyewe. Aliushika karibu na taa. Aliangalia picha ya juu, kisha ya chini, kisha ya juu tena. Halafu akasema neno ambalo mimi, mwenye cheti cha kilimo, sikuwa nimelifikiria.

"Umepiga picha ya mdomo wa korongo. Hukupiga picha ya mahali maji yanakotoka. Maji haya si ya shamba langu. Yanatoka juu, kwenye njia."

Mvua ya kwanza iliyonyesha baada ya hapo tulipanda pamoja, yeye na fimbo yake, mimi na simu ndani ya mfuko wa plastiki. Tulimkuta mkosaji. Ni njia yetu ya miguu, ile tunayopita wote kwenda gulioni. Miaka mingi ya nyayo imeichimba ikawa mfereji. Nyayo za viatu vyangu vya mpira zilikuwamo. Maji yote ya mteremko wa juu yaliingia katika njia ile, yakashuka kwa kasi, na penye kona yakaruka moja kwa moja ndani ya shamba la mzee. Miaka miwili nilimwona yeye kuwa mkaidi asiyetaka makinga maji. Kumbe kinga maji moja ndani ya shamba lake isingeweza kuzuia maji ya kijiji kizima.

Nilipiga picha njia ile ikiwa imejaa maji. Safari hii niliwaomba ruhusa mzee na mwenyekiti, ndipo tukaionyesha kwenye mkutano. Wengine walibisha. Wazee wa kwetu wanakumbuka jinsi wakoloni walivyowalazimisha watu kuchimba matuta miaka ya 1950, na neno "kinga maji" likitajwa tu baadhi yao hukunja uso. Lakini picha ilikuwa ya njia, na njia ni ya wote. Tulichimba michepuko mitano kwenye njia, kila mmoja ukitoa maji kidogo kuelekea kwenye majani. Penye kona tuliweka mawe. Kwenye kingo za korongo mzee alipanda majani ya guatemala, yale yaliyoenezwa hapa na mradi wa SECAP miaka ya 1980. Ng'ombe wake wanayala, na mizizi inashika udongo.

Aprili 2026 nililaza jembe tena. Mpini haufiki ng'ambo. Korongo halijajaa, na halitajaa upesi. Lakini halijapanuka, na chini yake majani yameota pale palipokuwa na mwamba mtupu.

Mzee sasa ana kalenda yake. Alichora visanduku mwenyewe. Herufi zake ni kubwa, na baadhi zimetoka nje ya mistari. Amejaza "mvua" siku nyingi kuliko mimi, maana mimi nikilala hata radi siisikii. Tulipokuwa tukiandaa kalenda ya 2027, nilitaka kubandika picha yangu kwenye Aprili. Akaizuia kwa mkono. Anataka nafasi ile ibaki wazi. Masika yakifika atapanda na simu ya mjukuu wake, asimame penye jiwe jeupe, aipige yeye mwenyewe.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kitalu cha miche ya miti.